Chunjua za Mdomoni mwa Libah

Nyuma ya soko la Garissa kuna mahali ambapo vichwa vya mbuzi huchomwa motoni ili kuondoa manyoya kabla ya kupikwa supu. Moshi wake ni mzito, una mafuta, na ukishaingia kwenye buibui hautoki hata ukilianika siku nzima. Wengine wakipita hapo huona njaa. Mimi huzunguka kupitia maduka ya vitambaa, ingawa njia hiyo ni ndefu, kwa sababu harufu ile hunirudisha kwenye kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, tulipokuwa tumehamia nyikani nje ya Kotile, na kwa mbwa mmoja aliyeitwa Libah, yaani simba.

Libah alikuwa wa Abti Dahir, kaka yake mama. Abti alikuwa na mguu mmoja mwembamba, uliolemaa tangu utotoni, na pajani alikuwa na madoa ya duara yaliyoachwa na chuma cha moto, wazee walipojaribu kuuamsha mguu huo kwa kuuchoma. Vijana wenzake walipokwenda mbali na ngamia, yeye alibaki na mbuzi karibu na nyumba zetu za mikeka. Maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyotulisha sisi watoto, mama, na Ayeeyo, bibi yetu. Fisi wa upande ule hawakumwogopa mtu anayechechemea, walimwogopa Libah. Alikuwa bado mbwa mchanga, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, lakini akisimama kwenye mwanya wa boma la miiba na kubweka, ungedhani wako watano. Watu walipomtania Abti kwamba hawezi kukimbia, alijibu, "Mguu wangu wa pili una mkia."

Chunjua ya kwanza ilitokea kwenye mdomo wa juu, ndogo kama punje ya mtama. Zikafuata nyingine ndani ya mashavu na juu ya ulimi, za kijivu, zimesongamana kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Libah akaanza kudondosha mate yenye damu. Mifupa aliinusa na kuiacha. Kubweka kwake kukawa kukwaruza, kama mtu aliyekabwa na tonge. Kila asubuhi Abti alikaa chini, akamlaza kichwa mapajani, akamfunua mdomo na kutazama. Nilichuchumaa karibu nikatazama pia, na ninakumbuka joto la pumzi yake na uvundo wake, na jinsi alivyotulia kabisa vidole vya Abti vilipokuwa kati ya meno yake.

Tatizo lilikuwa maji. Mate ya mbwa ni najisi, na anayeyagusa huosha mara saba, moja kwa udongo. Maji yetu yalitoka mto Tana, kwa madumu mgongoni mwa punda, na punda akienda asubuhi alirudi jua likizama. Ayeeyo alivumilia kwa siku chache, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Dahir! Maji ya uji wa watoto unayamalizia kwa mbwa!"

"Hooyo," Abti alimjibu mama yake bila kuinua macho, "mbwa huyu akifa, uji wao utautia maziwa ya nani?"

Ayeeyo aliingia ndani, akatoka na birika lake la udhu, akamimina mwenyewe mikononi mwa mwanawe, akihesabu kwa sauti ya hasira mpaka saba.

Tukasikia kwamba ng'ombe watachanjwa Kotile. Abti alimfunga Libah kamba, nami nikapewa chupa ya maji nifuatane nao. Tulitembea asubuhi nzima kwa mwendo wa mguu ule. Tulipofika, vumbi lilikuwa limetanda, ng'ombe wanasukumana ndani ya uzio wa magogo, na wanaume waliokuwa wakiwashika mikia walipotuona walicheka wakapata cha kusimulia jioni. "Dahir, umeleta ng'ombe gani huyo? Anatoa lita ngapi?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, kesho atamleta paka apewe kitambulisho!" Abti alicheka nao, akazidi kusogea mbele.

Afisa wa mifugo alikuwa kijana aliyetoka "Kenya", kama tulivyopaita kote ng'ambo ya daraja la Tana. Shati lake lilikuwa safi kuliko ilivyotarajiwa kwa kazi ile. Aliinama, akamwomba Abti aufunue mdomo wa mbwa, akatazama bila kugusa.

"Hizi ni chunjua tu. Huwapata mbwa wachanga. Zitaanguka zenyewe, pengine baada ya mwezi mmoja au miwili. Usimfanye chochote. Mpe chakula laini, ungoje."

"Itabona yenyewe?" Abti aliuliza kwa Kiswahili chake. "Dawa hakuna?"

"Haihitaji dawa, mzee. Ngoja tu." Na akageukia ng'ombe aliyefuata.

Leo naweza kuandika kwamba yule kijana alisema kweli tupu. Lakini alilisema lile neno kwa watu waliokuwa wakilifahamu vizuri mno. Mahindi ya msaada: ngojeni. Vitambulisho: ngojeni. Pampu ya kisima iliyoharibika: ngojeni, fundi anakuja. Kwetu hilo lilikuwa neno ambalo serikali hutumia ikitaka uondoke mlangoni, na lilikuwa limetoka kwa mtu asiyetaka hata kugusa. Tulirudi na Abti mpaka katikati ya njia. Hapo alisimama apumzishe mguu, akamtazama Libah, akasema, "Hata mbwa wetu anaambiwa angoje."

Siku iliyofuata alimwita jirani yetu Mzee Abdi, aliyesifika kwa kuchoma ngamia wagonjwa. Wakawasha moto wa kuni za mgunga, wakatia ndani yake kijiti cha chuma. Abti alikishika kichwa cha Libah mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine ambaye Libah angemruhusu. Nilikimbilia kwa Ayeeyo, lakini harufu ilinifuata. Kilio cha Libah sikukisikia kama nilivyotarajia. Baadaye Ayeeyo alisema jambo lililomshangaza ni kwamba mbwa yule angeweza kumng'ata Abti mkono wakati wowote, wala hakumng'ata.

Vidonda vilipona. Lakini Libah alihama. Alilala chini ya kichaka nje kabisa ya boma, na Abti alipompelekea maziwa, aliinuka akarudi nyuma. Abti akisogea, naye anasogea, umbali ukibaki uleule. Hakunguruma. Alimtazama tu. Abti aliweka bakuli chini, akarudi akichechemea, na ndipo Libah alipokwenda kunywa. Pale mwanyani hakusimama tena. Asubuhi moja tuliamka tukakuta miiba imetawanyika, mbuzi waliokuwa wakinyonyesha wameuawa, na chini ya kichaka hakuna mbwa. Nyayo zake zilielekea barabarani. Abti alizifuata mpaka zilipopotea kwenye alama za matairi, akarudi na kamba mkononi.

Mvua iliponyesha tulikutana na familia ya Mzee Abdi kwenye bwawa. Walikuwa na kijibwa cha kike, kimekonda, ambacho kiangazi chote kilikuwa na chunjua zilezile. Sasa kilikuwa kinapiga miayo juani, na mdomo wake ulikuwa safi, wa waridi, kama wa mtoto mchanga.

"Huyu naye mlimchoma?" Abti aliuliza.

Mzee Abdi alicheka. "Huyu? Nani ana nafasi ya kumshughulikia huyu?"

Abti aliketi chini pale pale kwenye tope.

Kabla mwaka haujaisha alikwenda Dadaab kulinda ghala, na hakufuga tena mnyama yeyote. Sasa ni mzee, anaishi kwangu hapa mjini. Maduka ya dawa za mifugo yamejaa, na ushauri unafika kwa simu. Juzijuzi mtoto wa mbwa anayelinda geti la jirani alitokwa na chunjua mdomoni. Kijana wa nyumba ile alimpigia picha, akaituma kwa daktari, na jibu likarudi kabla chai haijapoa: ngojeni. "Hata hawa nao!" kijana alifoka, akaingia ndani kutafuta kisu cha kupasha moto.

Abti aliinuka, akachukua fimbo yake na kiti cha plastiki, akaenda kuketi getini, kati ya mbwa na nyumba. Alifanya hivyo kila siku baada ya sala ya alasiri. Kijana alimcheka, kisha akamzoea, kisha akaanza kumletea chai.

Chunjua zilipokwisha kuanguka, aliniita nije nione. Alinyoosha mkono, na yule mbwa mdogo akasogea, akaulamba. Abti akamwacha aulambe kwa muda mrefu. Kisha alikwenda bombani, akaokota udongo, akaanza kuosha. Maji siku hizi yapo. Nilihesabu naye kimoyomoyo mpaka saba, nikamsubiri afunge bomba, lakini aliendelea kusimama pale, mkono chini ya maji, akitazama getini.