Kadi ya Salamu na Induru ya Jirani

Redio yetu ilikuwa na adabu mbaya. Ukiiweka sawa mezani inakoroma tu. Ukiiinamisha upande mpaka inakaribia kuanguka, inasema vizuri. Kwa hiyo lazima mtu aishike, na mtu huyo nilikuwa mimi. Baba aliipata kwenye soko la kambi, miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka wakawa wengi kuliko sisi wenyeji wa Mugoma, akatoa mbuzi jike mwenye mimba. Mama hakumsamehe. Alisema mbuzi huzaa, redio hula tu.

Na ilikula kweli. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikafufuka kwa nusu saa, kisha sauti ya mtangazaji ikaanza kulegea na kuvutika, tena palepale anapofika kwenye jambo lenyewe. Nimelia zaidi kwa ajili ya betri kuliko nilivyolia kwa ajili ya wanaume.

Lakini sitaitukana tu. Jirani yetu wa bondeni alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, katika wimbi la zamani, akapata shamba, akaoa huku. Alimpata dada yake kwa redio ile. Walikuwa wakisoma majina ya watu wanaotafutana, akasikia jina la dada yake likifuatiwa na la baba yao. Akatoka nje akakumbatia mgomba, akalia mpaka tukaona aibu kumtazama. Tangu hapo kila alipokamua pombe ya ndizi, kibuyu cha kwanza kilipanda kwetu. Yeye na baba walilima pamoja, waliezeka pamoja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na shida yangu ilikuwa moja: kusikia jina langu. Nilikuwa nimetuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha Jumapili mchana. Niliwasalimu baba, mama, shangazi wa Murukulazo na wanafunzi wote wa darasa langu, na ujumbe wangu ulikuwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilivumilia Jumapili tano. Walisoma kadi za nchi nzima, hata za wafungwa, yangu hapana.

Miaka hiyo majambazi walikuwa hawangoji giza. Mabasi ya Biharamulo yalipita porini na askari wenye bunduki ndani, na vijijini watu walikatwa mapanga jua likiwaka. Wengine walisema ni watu wa kambini, wengine walisema ni vijana wetu wenyewe. Kinga yetu ilikuwa induru. Ukivamiwa unapiga induru, ile sauti ndefu ya kichwani, na kila anayeisikia anaipokea na kuipiga naye ili ifike mbele, halafu anatoka na alichonacho mkononi. Mwoga akitoka amechelewa, watu humcheka. Asiyetoka kabisa ni mwenzao wa majambazi. Hilo halikuwa na mjadala.

Jumapili ya sita ilinyesha. Mvua na bati havipatani na redio, kwa hiyo niliizungusha sauti mpaka mwisho, nikaikumbatia kifuani, sikio juu yake. Mama alikuwa kanisani kwenye mkutano wa wanawake. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Mtangazaji akasema sasa twende Kagera, mkoani kwetu. Nikaibana zaidi.

Baba akainua kichwa. "Punguza hiyo, nasikia mtu."

"Ni mvua, baba," nikasema. Na mimi pia nilikuwa nimesikia kitu. Nawaambia ukweli kwa sababu sasa ni mtu mzima na sina wa kumwogopa. Nilisikia kitu chembamba nyuma ya mvua, na sikutaka kukijua.

Baba alinitazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake. Kisha jina langu likasomwa, lote, la kwanza na la ukoo, pamoja na shangazi na mvumilivu wangu. Niliruka ruka kama mwehu. Baba alipiga makofi, akacheka, akasema sasa nchi nzima inamjua binti yake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na kwa hilo najichukia.

Mvua ilipokatika walikuja. Kama watu thelathini, na marungu, mapanga na mikuki, matope mpaka magotini, mwenyekiti wa kitongoji mbele. Jirani yetu alikuwa amekatwa kichwani na mabegani, mbuzi wake wote wamechukuliwa. Alipiga induru mpaka sauti ikamkauka. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa juu yake. Induru ilitakiwa ipandie kwetu, na kwetu ikafia. Waliokuja kumwokoa waliitwa na mwanamke wa mlima wa pili aliyewaona majambazi wakikimbia.

"Ulikuwa wapi?" mwenyekiti akamuuliza baba.

"Nilikuwa ndani. Sikusikia."

"Tumesikia redio yako tukiwa njiani! Umeifungulia ili izibe induru ya mwenzio. Redio ya kambini, na rafiki zako wa kambini!"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili gotini, nikasikia mfupa. Akaanguka kwenye maharage, wakampiga mateke mbavuni na usoni, watu walewale waliokuja kwetu kusikiliza mpira, waliokunywa uji wa mama. Mmoja alimpasua jicho kwa kisigino cha kiatu. Baba hakuomba. Alisema tu, kila alipopata pumzi, "Sikusikia. Sikusikia."

Nikajitupa juu yake. Nilitaka wanipige mimi, haki ya Mungu nilitaka. Nikapiga kelele, "Mwacheni! Alisikia! Mimi ndiye niliyemwambia ni mvua!"

Wakasita. Kisha mtu akasema polepole, "Kumbe alisikia."

Walinivuta nywele, wakanitupa pembeni. Yaliyofuata hayakuwa tena ya kuuliza. Panga lilishuka kwenye mkono wake wa kulia na vidole vitatu vikabaki udongoni. Wangemmaliza, lakini mke wa jirani alitokea kwenye migomba, gauni limelowa damu, akawafokea: "Nyie wanaume thelathini mnamuua mmoja hapa, na wangu anamwagika kule! Nani atabeba machela?" Wakaona aibu, wakamfuata. Wa mwisho aliipasua redio kwa teke alipokuwa akitoka.

Jirani alikufa kabla machela haijafika barabarani. Hatukuruhusiwa mazishini. Hakuna aliyetusalimia tena, na kabla ya mavuno tulihamia Biharamulo, baba akiwa na jicho moja na mguu usiokunjika. Huko, kila aliyemuuliza alimjibu vilevile kwamba hakusikia. Mimi nilibeba neno langu miaka yote. Niliamini kwamba mdomo wangu ndio uliomkata vidole, kwa kumsingizia alichokuwa hana uhakika nacho.

Mwaka aliokufa nilikuwa namuuguza nyumbani kwangu. Siku moja asubuhi, nikimkanda mguu kwa maji ya moto, nilimwomba msamaha. Nikamwambia, baba, niliwaambia ulisikia, na wewe ulidhani ni mvua.

Akanitazama kwa lile jicho.

"Sikudhani ni mvua," akasema. "Niliijua sauti ya jirani yetu. Alikuwa ananiita mimi, kwa jina. Nikasema acha kwanza wasome la mtoto, halafu nitatoka. Waliposoma, nikasikia kimya, nikaogopa kwenda kuona."

Maji yalikuwa yamepoa. Nikaenda jikoni kuchemsha mengine.