Miti ya Leta kwenye Shamba la Kuazima

Mi ni muntu wa wasiwasi, bantu ba kwetu banajua na banacheka. Siku agronome wa Leta, bwana shamba wa serikali, alipokuja hapa Mboko na pikipiki yake kueleza habari ya miti, bamama bengine balipiga vigelegele. Mi nikaanza kuwaza shamba letu.

Alisema pori linaisha kwa sababu ya makala, makaa tunayochoma, moshi wetu unaharibu hewa, na mvua haijui tena wakati wake. Kwa hiyo Leta imeamua kusaidia kila muntu atakayepanda miti kwenye shamba analolima. Miti ikishika, itahesabiwa, na huyo muntu atapewa panneau ya jua ya kutoa umeme na batri yake, bure. Mama yangu alisikiliza kama bibi harusi anayeelezwa mahari. Angepata taa, angechajia majirani simu. Macho yake yalikuwa yamechoka na moshi wa jikoni toka zamani.

Shida ilikuwa shamba. Sisi tulikimbia vita upande wa Lulimba, na udongo tuliokuwa tunalima ulikuwa wa muzee mumoja wa hapa, muntu mwema kabisa, ambaye mi nilikuwa namuita baba mukubwa. Kila tukivuna, mama alimpelekea kitunga cha kwanza cha mihogo na kuku. Mama alipenda kusema kwa mzaha: mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, yeye balimupa jembe, udongo bakabaki nao.

Kwenye udongo wa kuazima unapanda mihogo, mahindi, maharage, vitu vya kuvuna na kuondoka. Muti huupandi. Muti unaishi kuliko muntu, na mwenye kuupanda anasema, bila kufungua mudomo, kwamba hapa ni kwangu. Hata mutoto anajua. Agronome alitoka mbali, hakujua, na hakuuliza.

Nilimwambia mama aende kwanza kwa muzee. Akajibu kwamba hii si miti yake, ni ya Leta, na muzee si mujinga, ataelewa. Akachukua miche kwa agronome, akaipanda katikati ya mihogo. Aa, toka siku ile nilianza kuogopa njia. Nikisikia kikohozi cha mwanaume nyuma ya nyumba, nachungulia kama ni muzee. Mama alinichokoza eti nitazeeka mbele yake, na mi nilimukasirikia sana, kwa sababu alikuwa anacheka wakati shamba lile ndilo lilikuwa linatulisha. Lingine hatukuwa nalo, si hapa, si Lulimba.

Miti ikashika vizuri mno. Agronome akarudi, akaipiga picha na telefone yake, akasema sasa imeingia kwenye hesabu ya Leta, na atakayeing'oa ataulizwa.

Muzee alikuja muchana mumoja, amevaa koti lake la kanisa. Mama alimuletea kiti, hakukaa. Nilijua pale pale. Mama naye akajua, akapiga magoti, akaomba musamaha, akasema ataing'oa yote sasa hivi, muzee aone kwa macho yake.

Muzee akamuambia ainuke. Kisha akasema hana kinyongo naye, lakini batoto bake banamuuliza kila siku kama ameuza udongo wa bankambo, babu zao wa zamani. Akifa leo, miti ile ndiyo itatoa ushahidi, yeye hatakuwapo kuikatalia.

"Na kuing'oa hatuwezi, dada," akasema. "Leta imeishaihesabu. Basi miti ibaki. Nyinyi ndo mutoke."

Mama hakuuliza habari ya panneau. Aliuliza tu kama mihogo inaweza kungoja ikomae. Muzee akaangalia chini, akasema batoto bake bataanza kulima wiki inayokuja. Nilitaka kumutukana, nikashindwa. Hata yeye machozi yalikuwa karibu.

Kesho yake asubuhi tulienda shambani, mi na mama, tukang'oa mihogo myembamba kama vidole. Mi nilikuwa napiga jembe kwa hasira, udongo unaruka huku na huku. Mama akanishika mukono.

"Polepole," akasema. "Utaumiza muti."