Hodi Nyumbani Kwake

Majilio ya mwaka ule, yale majuma ya kuingojea Noeli, yalimkuta Mama Pasi akibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Si utani. Mumewe, fundi vitasa mstaafu aliyewafungulia watu milango mtaa mzima, alikuwa amepoteza kumbukumbu, na sasa alijifungia ndani kwa komeo. Ukisukuma mlango bila hodi, anapiga kelele za mwizi. Basi mke wa ndoa, tena ya kanisani, anasimama nje na begi lake kama muuza sabuni.

Mchana alipiga pasi kwenye duka la dobi. Padri alipoleta mavazi yake ya zambarau, alimwambia, "Mama, jiandae. Kristo yumo katika vyote. Mtafute hapohapo ulipo."

Padri naye kwa kusema! Lakini Mama Pasi alilishika neno lile kwa mikono miwili. Na kusema kweli, dukani hakupata taabu kumwona Kristo: kwenye kola za vibarua zilizolika kwa jasho, kwenye shuka za mgonjwa. Taabu ilikuwa nyumbani. Alimtazama mumewe akila huku akimwangalia kwa jicho la wasiwasi, na hakuona kitu. Aliona mzee fulani aliyemwibia mume. Hilo lilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Akaomba jambo moja tu: kabla ya Noeli, mumewe atamke "mke wangu," walau mara moja.

"Utajiumiza bure, dada," mdogo wake alimwambia.

"Niache nijiumize. Nimebaki na nini kingine?"

Mkesha wa Noeli alinyoosha mavazi meupe ya padri, akafunga duka mapema, akarudi roho juu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa amelijibu swali hilo kila jioni. Jioni ile alishindwa. Akaegemeza paji la uso mlangoni, akalia bila kujali majirani.

Komeo likavutwa. Mzee akamtazama yule mwanamke anayelia, na uso wake ukalainika. Akampokea begi. Akamfutia kiti vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Pole, mama," akasema. "Mke wangu hayupo, yuko kazini. Lakini hana neno, yule. Karibu ukae, tumsubiri."

Neno aliloliomba lilikuwa limetamkwa, na halikuwa lake. Mama Pasi alitaka kupiga yowe. Kristo yumo katika vyote, alijikumbusha, basi yumo na katika hili. Lilikuwa chungu kama shubiri. Akakaa.

"Atachelewa?" akauliza.

"Atakuja tu. Hajawahi kuniacha." Mzee akakigeuza kiti chake kuelekea mlangoni.

Mama Pasi akakigeuza na chake, wakamsubiri pamoja.