Radi ya Mwalimu Justa

Dada yangu Justa hakujua kuomba radhi, na sisi wadogo zake tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alifundisha shule ya msingi kule Butimba, Mwanza. Mwaka 1993, biashara zilipofunguliwa na maduka ya mjini kujaa vitu vya nje, aliuza mtamba aliyepewa na baba akanunua kinanda cha umeme, mtumba kutoka Japani. Mama alilia siku mbili. Ng'ombe anazaa, alisema. Kinanda kitazaa nini?

Kilizaa sauti. Zile kilizokuja nazo Justa hakuzitaka. Aligeuza vitufe mpaka akapata mngurumo wa feri, mvua juu ya bati, na radi inayotokea upande wa Ukerewe. Namba za kila sauti aliziandika kwenye daftari la hesabu. Kisha akarekodi kanda nzima peke yake, bila gitaa wala mwimbaji.

Chenge, msambazaji wa kanda pale Nyamagana, aliisikiliza mpaka mwisho. Kwa hilo nampa haki yake.

"Mwalimu, muziki mzuri, ila hauna maneno. Tutafute kijana aimbe, na picha yake ndiyo ikae kwenye jalada. Mwanamke na mashine, nani atanunua?"

"Basi tushindane kama wazee," Justa akamjibu.

Kwetu Usukumani ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, na watu huamua kwa miguu yao: palipojaa ndipo penye mshindi. Wakakubaliana wakutane Kamanga, abiria wakiwa wanangoja feri. Chenge angepiga kanda inayouzika kuliko zote dukani kwake. Akishindwa, ataitoa kanda ya Justa kama ilivyo, kwa jina la Justa. Justa akishindwa, kinanda ni cha Chenge.

Akashindwa. Sitapamba. Watu walikimbilia nyimbo walizozizoea, wakaimba na kukata viuno. Kwetu walibaki wanawake wanne wauza dagaa, na mzee mmoja aliyeomba turudie ile ya radi. Nililia kwa hasira, hadharani, na sijuti.

Asubuhi, kabla ya kukipeleka kinanda, nilimkuta Justa anafuta sauti zake moja baada ya nyingine.

"Dada, si uliahidi?"

"Niliahidi kinanda, Dorcas. Radi sikuahidi."

Chenge alileta wapigaji watatu, wanaume watupu, wenye mashati ya kung'aa. Walibonyeza wakachoka. Kikalia kama kengele ya duka la Kijapani, basi. Na wale wauza dagaa hawakunyamaza: kila walipokuja sokoni walipita dukani kwake kuulizia kanda ya radi, wakarudi na mashoga zao, na mashoga wakaja na waume zao. Kanda yenyewe ilikuwa moja tu, na ilikuwa chini ya mto wa Justa.

Mwezi wa tatu tangu shindano, Chenge akatokea mlangoni kwetu, kinanda begani, mkononi jalada lililokwisha kuchapwa. Hapakuwa na picha ya kijana yeyote. Palikuwa na jina moja: Justa Machibya.

Alikuwa amemzidi dada yangu miaka kumi na mitano, kama si zaidi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba," Justa akaitikia, bila kumvutia kiti. "Dorcas, niletee daftari langu."