Sarafu Niliyoing'arisha

Chekeni tu, nimestahili. Mama Atieno, jirani yangu mjane kutoka Kisumu, alisafiri akaniachia sarafu ya maadhimisho ya benki kuu, aliyopewa marehemu mumewe alipostaafu kazi katika benki hiyo.

"Nitunzie, mzee. Yeye bado yumo humu."

Niliiona imefifia, ina doa jeusi upande mmoja, nikataka kumfurahisha. Nikakaa barazani hapa Luzira, ziwa limelala ndani ya ukungu, nikaisugua kwa majivu na ndimu huku nikiota tabasamu lake, hadi ikawa mwezi mdogo kiganjani.

Aliporudi siku hiyohiyo nilimkabidhi kwa madaha. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mzee, umeiosha kama sufuria?"

"Kama mpya, mama!"

"Lile doa jeusi lilikuwa la dole gumba lake. Kila jioni aliishika hapo."

Mikono yangu ilikuwa bado inanukia ndimu.