Mfalme Aliyebaki Kaunta

Juma hili, kwenye uwanja wa ndege wa Kindu, mzee aliyenitangulia kwenye foleni alizuiwa kwa sababu ya jiwe. Ni kiongozi wa shirikisho la taifa la sataranji na bado ni mchezaji. Alikuwa anaenda Kinshasa kushindana.

"Papa, hii ni kasiterite, jiwe la bati," alisema mkaguzi wa madini, akilipima jiwe kiganjani. "Karatasi yake iko wapi?"

"Mama, hii njo mufalme wangu."

Akafungua kisanduku. Kete zote zilikuwa za mbao, ila mfalme mweusi hakuwemo. Mzee alieleza kwamba mfalme huyo alipotea wakati wa vita, yeye na wenzake walipokimbilia porini, na mchimbaji mmoja wa Kalima akampa mzee jiwe lile ili mchezo usife.

Mama yule akalainika. "Si weye njo mukubwa wa shirikisho? Andika barua, piga muhuri, upite."

Mzee akatia mkono mfukoni, nikauona muhuri. Akaurudisha.

"Muhuri njo ya shirikisho, Mama. Jiwe njo yangu. Unichungie mpaka nirudi."

Akaomba kizibo cha chupa ya maji iliyokuwa kaunta, akakilaza kisandukuni mahali pa mfalme, akaelekea kwenye ndege bila kugeuka.

"Na weye, unaenda kufanya nini?" mkaguzi akaniuliza.

Nilikuwa naenda harusini. Nikampa barua ya safari ya kazi niliyojiandikia mwenyewe asubuhi ile, wino wa muhuri wa gazeti ninalofanyia kazi haujakauka.