Kotile Apiga Picha ya Kiu

Kotile ana kibanda cha kutengeneza simu pale Kiwanjani, Isiolo, lakini ukimuuliza kazi yake, kibanda hakitaji kabisa. Atakwambia yeye ni mwanaharakati wa mitandaoni. Ni edmini wa makundi ya WhatsApp ambayo hata mwenyewe hayajui yote, na siku akikutoa kwenye kundi usione vibaya, kwani amewahi kumtoa hata mkewe Fardosa, na jioni hiyo akala chakula kilichopoa. Lakini moyo anao, hilo hatumnyimi.

Sasa, mwaka huu injini ya kisima cha Kulamawe iliungua. Huko Kulamawe ndiko Kotile alikolelewa na shangazi yake, Tuye, baada ya mamake kufariki. Injini ilipokufa, wanawake wakarudi kuteka kwenye mashimo ya kuchimba kwa mkono, maji ya chumvi yanayosokota matumbo ya watoto. Kila Kotile akipiga simu ofisi ya maji, anaambiwa faili iko mezani. Kisha shangazi naye akampigia, akamwambia kwa upole kwamba injini isipotengenezwa kabla ya Ramadhani, atafunga nyumba ahamie kwa jamaa zake Garbatulla. Kotile alilia, tena dukani, mbele ya wateja. Ile ndiyo nyumba pekee anayoiita kwao.

Basi akaanzisha kampeni, akaipa jina #MajiKulamawe, akapanda gari kwenda kupiga picha. Kosa lake lilikuwa moja tu: alituma habari mapema kwamba anakuja. Jamani! Ni mwanamke gani wa Kulamawe atapigwa picha na nguo ya kutekea maji? Aliwakuta wamejipanga kando ya injini mbovu, dera mpya, shanga zote shingoni, hina mpaka viwikoni. Mbuzi wanono walikuwa wamevutwa mbele, waliokonda wamefichwa nyuma ya boma. Shangazi Tuye yuko katikati na mtandio wake wa Idi. Kotile akawasihi wakae kwa huzuni kidogo. Walijaribu, kweli walijaribu, lakini mmoja akacheka, wote wakaangua kicheko, naye akapiga hivyohivyo kwa sababu gari lilikuwa linarudi.

Picha ilisambaa, wallahi. Watu wakauliza harusi ni ya nani na zawadi zitumwe namba gani. Kijana mmoja wa Nairobi akataka kujua kama yule dada wa kushoto ameolewa. Na ile ofisi ya maji ambayo haijawahi kujibu mtu, safari hii ikajibu: imefurahi sana kuwaona wananchi wa Kulamawe wakiwa na afya njema. Kotile akazima simu siku nzima, na majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Akarudi kumwomba shangazi picha nyingine, yenye nguo za kazi na uso wa shida. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kotile, mimi naomba Mungu peke yake," akasema. "Hao watu wa simu hawanijui. Kwa nini wanione hivyo?"

Kotile alijua fika kwamba bila uso wa shida hakuna atakayeshtuka, lakini aliona haya kumtamkia mtu aliyemlea. Mwishowe akauliza kama mitungi inaweza kupigwa picha. Shangazi akafikiri, akasema mitungi haina neno.

Tangu hapo, kila alfajiri Qabale, jirani wa shangazi, akawa anamtumia picha ya mitungi mitupu iliyopanga foleni kwenye shimo ikingoja maji yajae. Kotile aliiweka mtandaoni bila maneno mengi, akiwaomba wafuasi waipeleke ofisi ya maji pamoja na salamu. Matusi aliyapiga marufuku, na kwa kuwa kukaa bila kumtoa mtu hawezi, akatoa karibu nusu ya kundi. Waliobaki walituma mitungi ile asubuhi na jioni, hata Waborana wenzao walioko ng'ambo, mpaka ofisi ikachoka ikasema afisa atakuja kujionea.

Afisa akaja, Kotile yuko nyuma yake na simu iliyojaa chaji. Na wale wanawake? Wamevaa dera mpya tena! Afisa akawatazama, akatabasamu, akaanza kusema kwamba mambo yanaonekana si mabaya kama yanavyosemwa. Shangazi Tuye akamkaribisha mkekani, akampa strungi, ile chai isiyo na maziwa, akakaa mbele yake kungoja amalize, kama ifanyikavyo kwa mgeni. Afisa akapiga funda moja, akakitazama kikombe. Halafu akauliza kwa adabu kama labda chumvi imewekwa badala ya sukari.

"Sukari iko," shangazi akamjibu. "Nimekuwekea nyingi, kwa sababu wewe ni mgeni. Watoto wetu wanakunywa hivyohivyo."

Kotile akainua simu. Video ya maisha yake ilikuwa imekaa mkekani imeshika kikombe.

"Weka simu chini," shangazi akasema bila kugeuka. "Mgeni wangu anakunywa."

Akaiweka, roho ikimuuma. Afisa akanywa polepole mpaka akamaliza, macho chini, akafuta mdomo, akatoa simu yake mwenyewe na kumpigia fundi palepale. Alikuwa bado anamweleza njia ya kufika wakati shangazi Tuye alipomjazia kikombe cha pili.